Kuvusha Maneno Baina ya Lugha za Programu katika Simu: Funzo kutoka kwa Hati za Lamu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna data, hasa matini, inavyopitishwa kutoka lugha moja ya programu hadi nyingine ndani ya programu tumizi ya simu ya mkononi. Mfano unaotumiwa ni wa programu ya kusomea tenzi za Kiamu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Inabainishwa kuwa kinachovuka mpaka baina ya lugha hizo ni baiti tu wala si maana, na kwamba upotevu hutokea pale ambapo pande mbili hazikuafikiana. Makala yanahitimisha kuwa sehemu kubwa ya maafikiano hayo ni kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, na kwamba haifai kuachiwa mwanaprogramu peke yake.

1. Utangulizi

Mzigo unaotoka Mombasa kwa lori kuelekea mji wa Lamu hauingii mjini kwa lori hilo. Barabara hukoma Mokowe, upande wa bara. Hapo jetini mzigo hushushwa, hupakiwa mashuani, huvushwa mkono wa bahari, kisha hushushwa tena gatini Lamu na kubebwa kwa punda au mkokoteni kupitia vichochoro vya mji. Lori halivuki, punda naye hamfuati mwenye mzigo hadi Mombasa. Kinachovuka ni mzigo wenyewe, na usalama wake hutegemea hesabu iliyoandikwa upande mmoja ikasomwa vivyo hivyo upande wa pili. Ikiwa karani wa Mokowe amehesabu magunia naye mpokeaji wa Lamu akahesabu vishanga, ugomvi hauna budi kuzuka hata kama hakuna aliyeiba.

Hali hiyo ndiyo inayopatikana ndani ya simu ya mkononi. Programu moja ambayo mtumiaji huiona kama kitu kimoja huwa imeandikwa kwa lugha mbili, tatu au zaidi. Kila lugha ina chombo chake cha kubebea maneno na kila moja ina hesabu yake. Neno la Kiswahili linapotoka lugha moja kwenda nyingine hushushwa na kupakiwa upya. Mara nyingi hufika salama. Hata hivyo, yapo maneno ambayo hufika yakiwa yamekatika, yamegeuka au yamechanganywa na mengine, na maneno ya hati za kale za Lamu na Pate yamo katika kundi hilo.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu vipi mwanafunzi wa fasihi. Jibu ni kuwa tenzi zinahamia katika tarakilishi na simu. Hati za Msikiti wa Riyadha mjini Lamu zimepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na mikusanyo ya London na Hamburg nayo imewekwa katika orodha za tarakilishi. Baada ya picha hufuata matini: mtu huandika upya ubeti kwa herufi zinazoweza kutafutwa, kunakiliwa na kusomwa simuni. Katika hatua hiyo ndipo kosa dogo la kuvusha data linapoweza kugeuka kuwa kosa la kudumu la uhariri.

2. Usuli: Hati za Funguvisiwa la Lamu

Funguvisiwa la Lamu, lenye visiwa vya Lamu, Manda na Pate miongoni mwa vingine, ni chimbuko la sehemu kubwa ya ushairi wa kale wa Kiswahili ulioandikwa. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir inahusu kuanguka kwa fahari ya Pate. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi wake wa wosia kwa bintiye mwaka wa 1275 Hijria. Kazi zote hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Uvushaji wa hati si jambo jipya huko. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati mwenye mkono mzuri. Aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, nao wakazitoa kwa herufi za Kilatini. Kila nakala ya namna hiyo ilikuwa safari kutoka mfumo mmoja wa maandishi hadi mwingine, na kila safari ilihitaji uamuzi.

Uamuzi huo ulikuwa mgumu kwa sababu mfumo wa zamani haukuwa na alama ya pekee kwa kila sauti ya Kiswahili. Alama za irabu zilikuwa tatu ilhali irabu za Kiswahili ni tano: kasra ilitumiwa kwa /i/ na /e/, na dhuma kwa /u/ na /o/. Herufi ب ilisimama mahali pa /b/ na /p/, na mara nyingi mahali pa /mb/ pia. Kwa hivyo, ب yenye dhuma iliweza kusomwa bu, bo, pu, po, mbu au mbo. Msomaji wa wakati huo hakutaabika kwa sababu aliujua utendi kwa sikio kabla ya kuuona kwa jicho. Maandishi yalimkumbusha yale aliyoyajua. Tarakilishi haina sikio hilo.

3. Kwa Nini Programu Moja Iwe na Lugha Nyingi?

Tuchukulie mfano wa programu ya kubuni inayomwezesha mtumiaji wa simu ya Android kusoma utendi kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, na kutafuta neno ndani yake. Sehemu inayoonekana, yaani vitufe, kurasa na orodha, itaandikwa kwa Kotlin au Java. Ni jambo la kupendeza kwamba majina ya lugha hizi mbili yote yana asili ya visiwa: Kotlin ni kisiwa karibu na St Petersburg nchini Urusi, na jina Java lilitokana na kahawa inayoitwa kwa jina la kisiwa cha Indonesia. Toleo la programu hiyo hiyo kwa simu za iPhone litaandikwa kwa Swift, lugha iliyotolewa mwaka wa 2014.

Chini ya sehemu hiyo kuna kazi ambazo kwa kawaida hufanywa kwa lugha za C na C++. Hifadhidata ya SQLite, ambayo huhifadhi beti, imeandikwa kwa C. Kazi ya kuunganisha herufi za Kiarabu ili ziandikwe kwa umbo la mwanzo, la kati au la mwisho wa neno hufanywa katika Android na HarfBuzz, programu iliyoandikwa kwa C++. Jina HarfBuzz limetokana na Kiajemi, na harf iliyomo ndiyo herufi ya Kiswahili. Aidha, ikiwa mwanaprogramu ametumia kurasa za wavuti ndani ya programu yake, au mfumo kama React Native uliotolewa mwaka wa 2015, lugha ya JavaScript nayo itaingia.

Sababu za mchanganyiko huu ni tatu. Kwanza, kila kampuni ya mfumo wa simu imechagua lugha yake ya kuundia sura ya programu. Pili, kazi nzito hufanyika upesi zaidi kwa C na C++. Tatu, hakuna haja ya kuandika upya kazi ambayo wengine wameifanya vyema kwa miaka mingi. Kwa hiyo, hata mwanaprogramu anayeamini kuwa ameandika kwa Kotlin pekee, ubeti wake huvuka mpaka wa lugha kabla haujamfikia msomaji.

4. Njia Tatu za Kuvuka

Njia ya kwanza ni mwito wa moja kwa moja. Msimbo wa Kotlin au Java huita kazi iliyoandikwa kwa C kupitia daraja liitwalo JNI, lililoanza kutumika mwaka wa 1997. Tatizo hapa ni kuwa Java husimamia kumbukumbu yake yenyewe: kitu kisichohitajika tena hufagiliwa, na kilichobaki kinaweza kuhamishwa. C haina mfagiaji huyo. Kwa sababu hiyo, C haipewi neno lenyewe bali hupewa mahali pa kulisoma, mara nyingi ikiwa ni nakala, na ikimaliza ni sharti itangaze kuwa imemaliza. Isipotangaza, nakala hubaki. Beti zikizidi kupita bila tangazo hilo, kumbukumbu inaweza kujaa na programu kuzimika.

Njia ya pili ni ujumbe. Upande mmoja huandika data yake kama maandishi yenye mpangilio maalumu, kwa kawaida JSON, na upande wa pili huyasoma na kuyaunda upya. Ndivyo React Native ilivyofanya katika miaka yake ya mwanzo, kabla ya kuanzishwa kwa mfumo mpya unaoziwezesha lugha kuitana moja kwa moja. Ujumbe una faida ya kusomeka hata kwa jicho la mtu, na unaweza kuvuka baina ya lugha zozote mbili. Hasara yake ni kuwa kila kitu hulazimika kugeuzwa maandishi na kurudishwa, hata kile ambacho maandishi hayakibebi vizuri.

Njia ya tatu ni ghala la pamoja. Lugha moja huandika katika faili au hifadhidata, na nyingine husoma humo kwa wakati wake. Njia hii ni tulivu, lakini kosa lililowekwa ghalani hukaa na kurithiwa na kila msomaji anayefuata.

Njia zote tatu zina jambo moja la msingi linalofanana. Kinachovuka ni mfuatano wa baiti, yaani nambari kuanzia 0 hadi 255. Baiti haijui kama ni sehemu ya herufi, ya picha au ya tarehe. Maana hutolewa na anayepokea, kwa kufuata kanuni anayodhani kuwa mpelekaji aliifuata. Kanuni ya herufi inayotumika zaidi leo ni Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991 na ambayo huipa kila herufi nambari yake. Namna maarufu ya kuziandika nambari hizo kwa baiti ni UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992.

5. Neno Moja, Urefu Nne

Tuchukue neno baba. Kwa herufi za Kilatini lina herufi nne. Katika C, kwa UTF-8, urefu wake ni baiti 4. Katika Kotlin na JavaScript urefu wake ni 4. Katika Python ni 4. Katika Swift ni 4. Kila upande umeafikiana na mwenzake, na mwanaprogramu aliyefanya jaribio lake kwa neno hili atalala usingizi wa raha.

Sasa tuliandike neno hilo kwa herufi za Kiarabu, kwa desturi ya kuweka alifu katika silabi yenye mkazo: بَابَ. Alama zilizomo ni tano: ba, fatha, alifu, ba, fatha. Tukiuliza urefu wa neno, majibu huwa kama yafuatavyo:

(a) C hujibu 10, kwa kuwa huhesabu baiti, na kila mojawapo ya alama hizi huchukua baiti mbili katika UTF-8.

(b) Kotlin, Java na JavaScript hujibu 5, kwa kuwa huhesabu vipande vya biti 16.

(c) Python nayo hujibu 5, lakini kwa sababu tofauti: huhesabu nambari za Unicode. Majibu ya (b) na (c) hulingana hapa, na huachana pale inapotokea alama yenye nambari kubwa inayohitaji vipande viwili, kwa mfano vikaragosi vya hisia ambavyo watumiaji wa simu huvipenda.

(d) Swift hujibu 3, kwa kuwa huhesabu kile ambacho msomaji hukiona kama herufi moja: ba pamoja na fatha yake, alifu, kisha ba pamoja na fatha yake.

Hakuna lugha iliyokosea. Kila moja imejibu swali lake. Kosa huzaliwa pale Kotlin inapoiambia C, "Chukua neno hili, urefu wake ni 5," na C ikachukua baiti 5. Baiti mbili za kwanza ni ba, mbili zinazofuata ni fatha, na ya tano ni nusu ya alifu. Kinachofika upande wa pili ni silabi moja ba ikifuatwa na alama ya herufi iliyovunjika, ambayo kwenye kioo cha simu huonekana kama almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza. Baba amekatwa katikati, na mwanaprogramu hana habari kwa sababu jaribio lake la Kilatini lilifaulu.

Hili ndilo jambo la kuzingatiwa zaidi katika makala haya. Maandishi ya Kilatini ya Kiswahili Sanifu huficha makosa ya uvushaji, kwa kuwa herufi zake zote ni za baiti moja moja. Programu inaweza kutumika Nairobi na Dar es Salaam kwa miaka bila kasoro, na ikavunjika siku ya kwanza inapofunguliwa na mzee wa Lamu anayetaka kusoma utendi kwa hati aliyofunzwa chuoni. Mzee huyo atadhani simu yake ni mbovu, au kwamba hati yake haifai kwa zama hizi. Dhana hiyo ya pili ni hasara kubwa kuliko ya kwanza.

6. Mahali Pengine Data Inapopotea

6.1 Herufi pacha

Kaf ya Kiarabu, ك, na kaf ya Kiajemi na Kiurdu, ک, ni herufi mbili tofauti katika Unicode, ingawa ndani ya neno huenda zikaonekana sawa kabisa. Vivyo hivyo ya ya Kiarabu, ي, na ya ya Kiajemi, ی. Mwandishi anayetafuta پ na چ kwa ajili ya /p/ na /ch/ huvutiwa na kibodi ya Kiajemi au Kiurdu, kwa kuwa herufi hizo zimo humo. Pamoja nazo hupata kaf na ya zisizo za Kiarabu. Mwenzake aliyetumia kibodi ya Kiarabu atakapotafuta neno kitabu katika hifadhidata hiyo, atajibiwa kuwa halimo, ilhali analiona kwa macho yake.

Hali kadhalika, herufi yenye shada na fatha inaweza kuandikwa kwa kutanguliza alama yoyote kati ya hizo mbili. Unicode ina utaratibu wa kusawazisha mpangilio wa namna hii. Hata hivyo, utaratibu huo hauziunganishi kaf mbili zilizotajwa, kwani kwa Unicode hizo ni herufi mbili halali. Kuamua kuwa katika Kiswahili ni herufi moja ni uamuzi wa Waswahili.

6.2 Nambari na tarehe

JavaScript huhifadhi nambari zake za kawaida kwa namna ambayo hesabu kamili ni ya kuaminika hadi 9007199254740991 tu. Ukurasa wa hati uliopewa nambari 9007199254740993 katika Kotlin, ukipitishwa kwa JSON na kusomwa kwa JavaScript, hufika ukiwa 9007199254740992. Msomaji huonyeshwa ukurasa wa jirani bila onyo lolote. Dawa yake ni nyepesi: nambari za utambulisho zipitishwe kama maneno.

Tarehe ina utata zaidi. Mwaka wa 1275 Hijria ulianza Agosti 1858 na kumalizika mwaka wa 1859. Utendi wa Mwana Kupona ukiingizwa katika hifadhidata inayodai siku, mwezi na mwaka wa Kimiladi, mtu au mashine itajaza pengo kwa kubuni, na mara nyingi itachagua tarehe 1 Januari. Kuanzia hapo kila lugha itakayoipokea tarehe hiyo itaipokea kama kweli. Hapa hakuna baiti iliyopotea. Kilichopotea ni shaka ya halali ya mtafiti.

6.3 Sauti zisizo na herufi

Upotevu wa kina zaidi hutokea kabla data haijafika simuni. Kiamu hutenganisha sauti za meno na za ufizi. Neno ndoo, lenye maana ya njoo katika Kiswahili Sanifu, hutamkwa ulimi ukigusa meno. Ndoo ya kutekea maji hutamkwa ulimi ukigusa ufizi. Aidha, paa la nyumba na paa wa mwituni hutenganishwa kwa pumzi inayotoka na /p/ ya neno la pili, kama vile kaa la moto linavyotofautiana na kaa wa baharini. Maandishi sanifu ya Kilatini, yaliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 na kujengwa juu ya Kiunguja, hayana alama za tofauti hizi.

Kwa hivyo, programu inayohifadhi Kilatini pekee na kuzalisha herufi za Kiarabu kwa kanuni ya mashine haitaweza kujua ndoo ipi ni ipi. Nayo programu inayohifadhi Kiarabu cha kale pekee na kuzalisha Kilatini haitajua kama ب yenye dhuma ni bu au mbo. Safari ya kwenda na kurudi haimrejeshi msafiri yule yule. Mwanaprogramu hodari kiasi gani hawezi kulitatua hili kwa msimbo, kwa kuwa habari inayohitajika haimo katika data.

7. Mkataba wa Herufi

Wataalamu wa programu huyaita maafikiano baina ya lugha mbili kuwa ni mkataba. Kwa kazi za Kiswahili mkataba huo una upande wa kiufundi na upande wa kiisimu. Upande wa kiufundi unajulikana. UTF-8 itumike kila mahali data inapovuka. Kila urefu unaotajwa uambatane na kipimo chake: baiti, vipande au herufi. Maandishi yahifadhiwe kwa mpangilio wa kusomwa, si wa kuonekana, na kazi ya kuyaelekeza kulia kwenda kushoto iachiwe kioo. Kumbukumbu iliyochukuliwa irudishwe. Katika JNI ikumbukwe pia kuwa daraja lenyewe hutumia UTF-8 iliyorekebishwa kidogo. Herufi za Kiarabu zilizotajwa humu hupita bila taabu, lakini kikaragosi kilichopelekwa na C kwa UTF-8 ya kawaida kinaweza kuiangusha programu nzima.

Upande wa kiisimu haujakamilika, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Upo mfano wa kuigwa. Mwaka wa 1997 Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakizingatia Kiswahili cha Mombasa. Baadaye Kevin Donnelly aliunda zana huria ziitwazo Andika! za kuandika Kiswahili kwa hati hiyo katika tarakilishi. Kanuni za herufi zilitangulia, na msimbo ukafuata. Mpangilio huu ukigeuzwa, mwanaprogramu atajikuta akiamua mambo ya imla saa sita za usiku, peke yake, kwa kubahatisha.

Kiamu kinastahili jedwali lake. Jedwali hilo litaje kila sauti, herufi yake, nambari ya Unicode ya herufi hiyo, na herufi pacha zinazopaswa kugeuzwa kuwa hiyo. Liseme sauti za meno zitaandikwaje kwa Kiarabu na kwa Kilatini. Aidha, hifadhidata iweke tabaka mbili zilizo huru: maandishi kama yalivyo katika hati, na usomaji wa mhariri pamoja na jina la aliyesoma. Tabaka moja lisizalishwe kutoka kwa jingine kimyakimya. Msomaji anayeona mbo mahali ambapo hati ina ب na dhuma tu ana haki ya kujua kuwa mbo hiyo ni hoja ya mhariri.

Hatimaye, kila programu ifanyiwe jaribio la kwenda na kurudi: neno lipelekwe kutoka lugha ya kwanza hadi ya mwisho, lirudishwe, kisha lilinganishwe na la awali baiti kwa baiti. Maneno ya jaribio yateuliwe na wanaoijua lugha. Orodha yenye بَابَ, ndoo mbili, paa wawili na neno lenye shada itafichua makosa mengi ambayo baba ya Kilatini haitayaona kamwe.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa lugha za programu hazipeani maana bali hupeana baiti, na kwamba maana huhifadhiwa na mkataba. Pale mkataba uliponyamaza, neno hukatika, ukurasa hubadilika, tarehe hubuniwa, na sauti mbili za Kiamu huwa moja. Baadhi ya makosa hayo ni ya mwanaprogramu na dawa yake inajulikana. Mengine yatabaki hadi wanaoijua lugha watakapoandika kanuni ambazo mashine itazifuata. Kijuma alipowanakilia wageni tenzi za kwao, aliweza kuulizwa neno lisomwe vipi, naye akajibu. Hati iliyomo ndani ya simu haiulizwi. Majibu hayana budi kuandikwa mapema, na wenye kuyajua bado wapo Lamu, Siyu, Faza na Pate.

Maswali ya mjadala

1. Andika jina lako kwa herufi za Kiarabu pamoja na irabu. Kadiria urefu wake kwa baiti za UTF-8, kwa vipande vya biti 16 na kwa herufi zinazoonekana. Eleza tofauti unazozipata.

2. Taja maneno matano ya lahaja yako ambayo tahajia sanifu ya Kilatini hushindwa kuyatenganisha. Pendekeza alama za kuyatenganisha na utetee uteuzi wako.

3. "Kunukuu utendi kwa herufi za Kilatini ni kuuhariri." Jadili kauli hii kwa kurejelea matumizi ya ب, kasra na dhuma katika hati za kale.